Kuuza Nyumba si Ukaguzi wa Kambi

Askari yeyote aliyekaa kambini anaufahamu usiku wa kuamkia ukaguzi. Mawe ya kando ya njia hupakwa chokaa, viatu hung'arishwa hata vikaonyesha uso wa mwenyewe, na kila kisichofaa kuonekana husukumwa mvunguni mwa kitanda, blanketi likashushwa mpaka sakafuni. Asubuhi mkaguzi hupita na fimbo yake, hutazama, huridhika, akaenda zake. Jioni vitu vyote hurudi mahali pake, na maisha huendelea kama jana. Hakuna aliyedanganywa sana, kwa maana mkaguzi naye alikuwa askari mdogo zamani, na anajua kilichomo mvunguni.

Lakini yako mambo yanayofanana na ukaguzi nayo si ukaguzi. Mojawapo ni kuuza nyumba. Familia nyingi za askari na polisi hufikiwa na siku hiyo: utumishi umekwisha, watoto wametawanyika, wazee wa kijijini wanahitaji mtu wa kuwatunza, na nyumba iliyojengwa au kununuliwa kwa akiba ya miaka mingi sharti igeuzwe fedha. Hapo ndipo ile desturi ya kambini huamka. Chokaa huchanganywa, na mvungu hutafutwa. Habari za sajini mmoja mstaafu wa polisi na mkewe zinafaa kusimuliwa, maana walipita katika njia hiyo yote, wakakutana na jambo ambalo chokaa haikuweza kulimaliza.

NYUMBA YA BUGEMBE

Sajini aliinunua nyumba yake mwaka 1996 huko Bugembe, karibu na Jinja, kando ya barabara kuu iendayo Iganga na Tororo. Siku hizo migomba ilikuwa bado imesimama katikati ya nyumba na nyumba. Tangu mwaka 2020 Bugembe imo ndani ya Jiji la Jinja. Kabla ya hapo yeye na mkewe walikuwa wameishi miaka kumi katika unipoti, vile vibanda vya bati vya duara ambavyo polisi wa Uganda wanavijua vizuri: mchana ni tanuri, usiku ni baridi, na kikohozi cha jirani husikika kana kwamba kimo ndani ya chandarua chako. Kwa hiyo walipoonyeshwa nyumba ya matofali ya kuchoma, yenye vyumba vitatu vya kulala, sebule na jiko la nje, hawakuuliza maswali mengi.

Ilikuwa mwezi wa Januari, jua kali. Rangi ilikuwa bado mbichi, harufu yake imejaa nyumba nzima. Mwenye nyumba aliwapa soda baridi, akawasifia hewa ya Bugembe, akawasifia majirani. Katika chumba cha nyuma lilisimama kabati kubwa la mvule, na hakuna aliyeona sababu ya kulisogeza. Walilipa akiba yao yote, wakahamia, wakamshukuru Mungu.

Mvua za Machi zilipofika, ukuta wa chumba kile ulianza kunywa maji. Rangi ilivimba malengelenge, kisha ikabanduka magamba kama samaki aliyeparuliwa, na chini yake ikatokea chumvichumvi nyeupe mithili ya unga. Mtoto wao wa pili, aliyekuwa akilala humo, alikohoa mpaka Juni. Sajini alitoka kumtafuta aliyemwuzia. Alikuwa amekwisha kuhama mji. Na hata kama angeonekana, angeulizwa nini? Hakuna aliyemwuliza habari za mvua, naye hakusema.

Tangu mwaka ule, kila Desemba Sajini alipaka ukuta rangi kwa ajili ya Krismasi, na kila Aprili ukuta uliivua rangi hiyo. Watoto walikua, wakazoea kukiita chumba kile "ziwani". Familia ilihamishia humo magunia ya mahindi, magunia yakaota ukungu. Wakahamishia masanduku ya bati, masanduku yakashika kutu. Mwishowe waliufunga mlango, wakaishi katika vyumba viwili kana kwamba cha tatu hakipo.

SHAURI LA DALALI

Mwishoni mwa mwaka 2023 waliamua kuuza. Mama mzazi wa mkewe, aliyepita miaka themanini, alikuwa akiishi peke yake huko Busia, wala hakuwa tena na nguvu ya kuchota maji. Binti yao wa mwisho alikuwa katika chuo cha uuguzi, na karo ya miaka miwili ilikuwa bado. Pensheni ya sajini si mpira, haivutiki. Nyumba ya Bugembe, ikiuzwa vizuri, ingejenga nyumba ndogo Busia, ingemsomesha binti, na ingebakiza kitu cha kununulia ng'ombe wawili.

Dalali alikuja, kijana mwenye viatu visafi, akazunguka nyumba na kutikisa kichwa. Lazima isemwe kwamba mengi aliyoyasema yalikuwa ya maana. Alisema sebule imejaa mno: viti saba, redio mbili ambazo hazisemi, baiskeli isiyo na mnyororo, na kalenda za miaka kumi ukutani. Alisema mnunuzi hanunui viti, ananunua nafasi, na nafasi haionekani ikiwa imekaliwa. Alisema mapazia mazito yanaifanya nyumba ionekane kama wodi, na ua uliokua ovyo unaficha uso wa nyumba kama kofia iliyoshushwa machoni. Alisema bomba linalodondoka matone mbele ya mgeni humfanya mgeni ahesabu shilingi kwa kila tone.

Kisha alifika chumba cha nyuma, akafungua mlango, akavuta pumzi puani.

"Hapa, Afande," akasema, "kwangua hayo magamba, paka rangi ya mafuta mara mbili, halafu simamisha kabati mbele yake. Tuuze kabla ya Machi. Mbona hata wewe ndivyo ulivyouziwa?"

Sajini alicheka kicheko kifupi. Kesho yake alipanda matatu mpaka Jinja, akanunua debe la rangi ya mafuta, nyeupe, akaliweka stoo.

Jioni ile mkewe alikuwa kwenye cherehani yake, akishona upindo wa sare za shule. Alilitazama debe, asiseme neno mpaka alipofika mwisho wa mshono.

"Baba, wewe umezoea ukaguzi," akasema. "Mkaguzi huondoka jioni. Huyu atakayekuja atalala humu."

"Sisi nasi tulilala humu, Mama, na hakuna aliyetuhurumia."

Mkewe alikata uzi kwa meno, akachukua sare nyingine. Sajini alijua maana ya kimya kile, maana alikuwa ameishi nacho miaka zaidi ya thelathini. Lakini alijua pia karo ya binti, na debe likabaki stoo.

KAZI ILIYOFANYWA

Walianza na yale ambayo hayakuwa na ubishi. Vitu vilitolewa nje vyote, vikapangwa uani katika mafungu matatu: vya kwenda Busia, vya kuwapa jamaa, na vya kuchoma moto. Fungu la tatu lilikuwa kubwa kuliko yote mawili, na ndilo lililokuwa gumu zaidi, kwa sababu kila kikorokoro kilikuwa na mtu wake. Viti vitatu tu vilirudi sebuleni na meza moja. Chumba ambacho kwa miaka yote kilidhaniwa kuwa chembamba kikaonekana kuwa na nafasi ya kuchezea ngoma.

Vioo vya madirisha vilioshwa kwa maji yenye siki kidogo, vikasuguliwa kwa magazeti makuukuu mpaka vikaacha kuonekana. Masizi ya jikoni yalikwanguliwa kwa majivu na brashi ngumu. Bawaba zililiwa mafuta, zikaacha kulia. Wavu wa mbu uliotoboka ulibadilishwa, raba ya bomba ikawekwa mpya, na kila chumba kikapewa taa inayowaka. Popo waliokuwa darini walisubiriwa watoke jioni kutafuta chakula; ndipo matundu ya chini ya paa yalipozibwa kwa wavu, baada ya kuhakikisha kwamba hawakuacha watoto ndani. Ua ulikatwa ukafika kifuani, na njia ya kuingilia ikafagiliwa na kuwekwa kokoto. Picha ya Sajini akiwa na sare, aliyopigwa siku ya kuhitimu, dalali alisema iondolewe. Mkewe aliikataa amri hiyo. Alisema mgeni ataona kwamba nyumba ilikuwa na watu, na si duka la samani.

Yote hayo hayakugharimu fedha nyingi. Yaligharimu siku kumi na mbili na migongo miwili.

Kisha akaitwa fundi mwashi, mzee mwenye mikono iliyopasuka kwa saruji, ili aje kukwangua ukuta wa nyuma. Fundi hakugusa ukuta. Alitoka nje, akazunguka nyumba, akachuchumaa nyuma yake, akapima kwa kijiti.

"Mzee," akamwita Sajini, "njoo uone. Udongo huu wa nje umepita sakafu yako ya ndani kwa shibiri nzima."

Ndivyo ilivyokuwa. Kiwanja kilikuwa na mteremko, na kila mvua ya miaka ishirini na minane ilikuwa imeshusha udongo mwekundu kutoka juu na kuuegemeza kwenye ukuta. Paa nalo halikuwa na mlizamu upande ule. Maji yote ya bati yalianguka chini, yakaruka, yakaulowesha ukuta. Na kati ya msingi na matofali, fundi aliyejenga hakuweka tabaka lolote la kuzuia unyevu, si karatasi ya lami wala nailoni, kwa hiyo maji yalipanda ndani ya matofali kama mafuta yapandavyo katika utambi wa taa.

"Ugonjwa uko nje," akasema fundi, "nanyi miaka yote mmekuwa mkimpaka mgonjwa poda ndani."

Akaeleza kazi inayotakiwa. Udongo ukatwe mpaka ushuke chini ya usawa wa sakafu kwa shibiri moja. Uchimbwe mtaro wenye mteremko, upeleke maji ya juu pembeni kabla hayajafika nyumbani. Paa liwekwe mlizamu, na maji yake yaingie katika tangi. Kandokando ya msingi imwagwe zege nyembamba inayoinama nje, ili matone yasiruke ukutani. Ndani, lipu ya zamani iliyojaa chumvi ibanduliwe kutoka sakafuni mpaka kiunoni, na matofali yaachwe wazi yapumue.

"Kwa muda gani?" akauliza Sajini.

"Ukuta wa matofali haukauki kwa siku, unakauka kwa miezi. Ukitaka kuupaka kitu, paka chokaa tu, kwa kuwa chokaa inaruhusu unyevu utoke. Rangi ya mafuta ni mfuniko. Ukifunika chungu chenye maji, maji hayaendi popote."

Kazi ya nje ilifanyika Desemba na Januari. Sajini alichimba mtaro kwa mkono wake, akisaidiwa na mjukuu wakati wa likizo. Gharama ya mlizamu na zege ilikula fedha za Krismasi. Ndani, ukuta ulipakwa chokaa, na ulionekana kama mtu aliyetoka hospitali: safi, lakini ameparara, na chini karibu na sakafu alama ya unyevu ilibaki, kimo cha kiganja cha mkono. Usiku mmoja Sajini alilisogeza kabati la mvule mbele ya alama ile. Mkewe alimsikia akilisukuma, akajifanya amelala.

MGENI WA FEBRUARI

Mwanzoni mwa Februari 2024 dalali alileta mnunuzi. Alikuwa mwanamke kijana mwenye mtoto mgongoni, mke wa koplo wa jeshi. Aliamkia kwa heshima, akakataa soda, akaomba maji.

"Baba wa mtoto yuko Somalia," akaeleza. "Ameniambia nitazame kwa macho mawili yangu na mawili yake."

Askari wa Uganda wamekuwa wakitumikia katika ujumbe wa Umoja wa Afrika nchini Somalia tangu mwaka 2007, na familia nyingi zimeweka tofali juu ya tofali kwa posho ya kazi ile. Sajini alizijua fedha hizo zinavyopatikana, ingawa yeye mwenyewe hakuwahi kuvuka huko. Ni fedha za mtu anayelala na buti miguuni.

Mgeni alitembezwa. Alisifu mwanga wa sebule, akafungua bomba na kulifunga, akagonga mlango mmoja mmoja kusikia kama mchwa wameula. Alisimama mbele ya picha ya Sajini, akatabasamu. Dalali alimkonyeza mwenye nyumba. Wakafika chumba cha nyuma. Jua la saa nne lilikuwa limejaa dirishani, na chumba kilinukia chokaa mpya.

"Hapa watalala watoto," akasema mwanamke yule, akijisemea zaidi kuliko kuwaambia wenziwe. Kisha akageuka. "Mzee, na mvua ikija?"

Swali lile Sajini angelipaswa kuuliza mwaka 1996, naye hakuliuliza. Dalali alikuwa amekwisha kufungua kinywa. Mke wa Sajini alisimama mlangoni, mikono ameifunga, akimtazama mumewe. Nje mjukuu alikuwa akipiga mpira ukutani, na kwa muda sauti ya mpira ndiyo iliyosikika peke yake.

"Binti yangu," akasema Sajini, "shika upande huo, tulisogeze kabati hili."

Walilisogeza. Alama ya unyevu ilikuwa pale pale. Sajini akamweleza yote: jinsi alivyouziwa, jina ambalo watoto walikipa chumba, kikohozi cha mtoto, maneno ya fundi, mtaro, mlizamu. Akamwambia kwamba kwa kadiri ya ujuzi wa fundi ukuta utapona, lakini mvua haijaukagua bado, na yeye hawezi kuapa kwa niaba ya mvua. Mwanamke yule aliinama, akaweka kiganja ukutani, akakaa hivyo kitambo. Kisha akashukuru, akafunga vizuri mbeleko ya mtoto, akaaga. Hakusema kama atarudi.

Dalali alibaki nyuma. "Afande," akasema, "umeuza ukweli. Sasa kula ukweli." Akaondoka na viatu vyake visafi, wala hakuonekana tena.

MVUA ILIPOKAGUA

Wiki zilizofuata zilikuwa nzito. Wanunuzi wengine wawili walikuja wenyewe, wakaonyeshwa ukuta, wakaondoka. Chuo cha binti kilipeleka ukumbusho wa karo. Mkewe alipokea kazi ya kushona sare mia moja na ishirini, akawa anashona mpaka usiku wa manane. Sajini alilala akisikiliza cherehani, na si ajabu kwamba mara moja au mbili alilifikiria debe lililokuwa stoo. Haki haina desturi ya kumlipa mtu siku ile ile aliyoitenda, na mwenye kuitenda asipolijua hilo mapema atajuta kabla ya wakati.

Mwisho wa Machi mbingu zilifunguka. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, ile mvua ya Jinja inayotoka ziwani kwa kishindo. Sajini alisimama barazani akitazama mtaro wake. Maji mekundu yalishuka kutoka juu ya kiwanja, yakafika kwenye mtaro, yakapinda kushoto kama askari waliopewa amri, yakaenda zao. Mlizamu uliimba, na tangi likajaa.

Saa tano, katikati ya mvua ile ile, mtu alipiga hodi getini. Alikuwa ni yule mke wa koplo, amevaa mabuti ya mpira, na kaka yake nyuma yake ameshika mwavuli.

"Samahani, Mama," alimwambia mke wa Sajini aliyempokea, "sikuja bila taarifa kwa utovu wa adabu. Baba wa mtoto alisema: mwenye nyumba akikuambia mvua haijakagua, basi nenda siku ya mvua."

Walikwenda moja kwa moja chumba cha nyuma. Ukuta wa juu ulikuwa mkavu. Chini alama ilikuwa bado ipo, lakini haikuwa imepanda, na mkono ukiguswa pale ulihisi ubaridi bila kulowa. Kaka mtu aligonga matofali, akatoka nje kuutazama mtaro, akarudi ameloa, akaitikia kwa kichwa.

Sajini alikuwa akidai milioni tisini. Mgeni alisema mkopo waliopata katika ushirika wa akiba na mikopo wa askari, ukiunganishwa na posho ya mumewe, unafika milioni themanini na nne, na kwamba ukuta utahitaji lipu mpya ukisha kukauka. Walizungumza kwa adabu saa nzima, wakakutana katika themanini na sita. Milioni nne zilipotea hapo, na hakuna sababu ya kusema kwamba hazikuumiza. Ng'ombe wawili wakawa mmoja, na sare mia moja na ishirini zilishonwa zote mpaka ya mwisho.

Taratibu zilifuatwa kama sheria inavyotaka. Hati ilikaguliwa katika ofisi ya ardhi, mawe ya mpaka yakaonyeshwa mbele ya majirani na mwenyekiti wa LC1, bili za maji na umeme zikalipwa zikaisha. Sheria ya Ardhi ya Uganda ya mwaka 1998 haimruhusu mtu kuuza ardhi ambayo familia inakaa bila ridhaa ya mwenzi wake wa ndoa. Kwa hiyo mke wa Sajini naye alitakiwa kutia sahihi. Aliishika kalamu, akasema ataiweka sahihi baada ya karatasi ya mumewe kusomwa.

Karatasi hiyo Sajini alikuwa ameiandika usiku uliotangulia, kwa mtindo wa kitabu cha matukio cha kituo cha polisi, kila jambo na namba yake. Kwanza, ukuta wa nyuma, historia yake na dawa yake. Pili, kitasa cha mlango wa jikoni hukwama wakati wa mvua. Kivutwe kwanza ndipo kizungushwe. Tatu, mtaro uzibuliwe majani kila Februari na kila Agosti, kabla mvua hazijaanza. Nne, mchwa walionekana mwaka 2017 katika fremu ya dirisha la sebule, fremu ikabadilishwa. Tano, mwembe wa uani huzaa vizuri mwaka mmoja na kupumzika mwaka mwingine. Usikatwe kwa hasira. Mke wa koplo aliikunja karatasi ile, akaiweka pamoja na hati.

Debe la rangi ya mafuta halikutupwa. Sajini alilifungua wiki ya mwisho, akapaka geti la chuma mara mbili. Chuma hakipumui, na rangi ile ilikaa vizuri.

YA KUKUMBUKA

Mwenye nia ya kuuza nyumba asione aibu kuipamba. Kupunguza vitu, kuosha vioo, kuingiza mwanga, kurekebisha bomba na kitasa, kukata ua, hayo yote ni heshima kwa mgeni, na humsaidia kuiona nyumba ilivyo. Aanze mapema, miezi mitatu au minne kabla, ili kazi ya fundi isifanywe kwa haraka. Aanze na paa na maji, kisha kuta, na rangi iwe ya mwisho. Akipata ufa au unyevu, atafute chanzo chake nje kabla ya kutafuta brashi, maana wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema usipoupaka rangi.

Mwenye kununua naye asitegemee tabia njema ya muuzaji. Aulize habari za mvua. Asogeze kabati. Aguse ukuta karibu na sakafu, atazame dari kama ina madoa, anuse chumba kilichofungwa, azunguke nyuma ya nyumba aone kama udongo umepita sakafu. Rangi mbichi katika chumba kimoja peke yake ni swali linalotaka jibu. Na ikiwezekana, aende siku ya mvua.

Sajini na mkewe walihamia Busia mwezi wa Juni. Nyumba yao mpya ni ndogo, ina vyumba viwili na baraza. Mtaro ulichimbwa kabla ya msingi.